Wekeni Mkono Wowote

Waliomwita Bi Nukta hawakumwonea, jina alijitafutia mwenyewe. Kila mteja aliyenyoosha simu na kusema, "Naomba mnikuzie hii picha iwe kubwa," alijibiwa maneno yaleyale kutoka nyuma ya ukuta wa plaiwudi: "Hiyo si picha, hizo ni nukta tupu."

Alikuwa na maelezo yake, nayo hayakubadilika kwa miaka kumi na minane na maduka mawili. Picha ya simu, alisema, ni punje za rangi zilizopangwa pamoja kama mchele kwenye sinia. Ukiisogelea sana unaona punje tu. Mashine ya kuchonga haina habari na punje. Inataka kuambiwa: anzia hapa, nenda mpaka pale, pinda kidogo, rudi. Maelekezo hayo ndiyo mchoro wa mistari, na mchoro wa mistari hata ukiukuza ukaenea ukuta mzima, sura haipotei, kwa sababu njia ni ileile. Wateja walitikisa vichwa kwa adabu, kisha wakauliza, "Kwa hiyo itakuwa tayari lini?"

Duka lilikuwa la mihuri, stika, vibao vya milangoni na mabamba ya makaburini. Mbele kulikuwa na kaunta, benchi la wateja, na kalenda ya mwaka juzi iliyoachwa ukutani kwa kuwa ilifunika ufa. Nyuma ya plaiwudi ndiko alikokaa Bi Nukta na kompyuta yake na mashine ya leza, ambayo ikichonga chuma ilitoa harufu ya pasi iliyosahauliwa. Bosi aliwahi kusema atatoboa dirisha pale katikati ili fundi na wateja waonane. Bi Nukta alimwomba asijisumbue.

Aliyekaa kaunta aliitwa Redio, na hili halihitaji maelezo. Alianza kusema asubuhi akifungua kufuli na akanyamaza jioni akilifunga, na wapo waliodai hata hapo hakunyamaza, alibadilisha masafa tu. Lakini alikuwa na moyo mzuri, na alisoma vizuri, na kusoma pale dukani kulikuwa na kazi yake. Kabla leza haijagusa chuma, maneno lazima yasomwe kwa sauti na mtu wa pili. Sheria hiyo ilizaliwa siku bamba la ofisi moja kubwa lilipotoka limeandikwa "Mkurungezi", na mkurugenzi mwenyewe alikuwa amekuja kulichukua akiwa na wageni. Tangu hapo Bi Nukta hakuchonga hata koma bila kumwita Redio, na Redio hakusoma bila kuongeza lake. "Mwenyekiti Mstaafu," husoma, kisha huuliza, "Kastaafu kiti au kastaafu kukaa?" Bi Nukta hakucheka, lakini siku Redio alipougua akasoma Bosi, aliona kazi imekosa chumvi.

Jioni alirudi kwenye chumba chake cha ghorofa ya pili. Kitanda, jiko la gesi, meza, viti viwili. Kiti cha pili alikinunua kwa sababu muuzaji alikataa kutenganisha, na tangu kifike kilikuwa kinakaliwa na mkoba. Alikuwa na miaka arobaini na minne na alikuwa mpweke, tuseme tu bila kuzunguka. Alikuwa mpweke kiasi kwamba fundi wa mita za maji alipogonga mlango, alimsindikiza mpaka ngazini na kumuuliza habari za watoto wake. Fundi yule hakuwa na watoto.

Zamani hakuwa hivyo. Alikuwa na mama, na alikuwa na dada aliyemzidi miaka mitatu. Mama aliugua miaka miwili, na dada ndiye aliyemwosha, aliyemlisha, aliyemgeuza kitandani. Bi Nukta alikwenda siku za mapumziko, akaleta dawa na matunda, akakaa mpaka alasiri, akaondoka. Siku moja, siku ya kazi, dada akapiga simu. "Mdogo wangu, njoo leo. Mama anakuulizia."

Siku hiyo Bi Nukta alikuwa na jogoo. Alikuwa wakati huo akifanya kazi duka jingine, ambalo baadaye lilifungwa, na kiwanda cha chakula cha kuku kilikuwa kimeleta nembo yake imepigwa picha kutoka kwenye gunia. Upanga wa jogoo, ule wa kichwani, ulikuwa umegeuka uji wa nukta nyekundu, na magari ya kiwanda yalisubiri stika. "Dada, nina jogoo hapa lazima atoke leo," alisema. "Kesho asubuhi na mapema niko hapo." Akakaa akimnyoosha jogoo upanga, jino kwa jino, na kusema kweli alitoka mzuri sana.

Kesho yake asubuhi na mapema alikuta watu wamekaa nje ya nyumba. Dada alisimama mlangoni, macho makavu.

"Umekuja kumwona nani?"

"Dada..."

"Mama alikuwa na mtoto mmoja. Rudi kwa jogoo wako."

Aliyasema mbele ya majirani wote. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini dada wa watu alikuwa hajalala siku tatu, na ulimi wa mtu asiyelala hauangalii unapokanyaga. Bi Nukta akarudi nyuma, akaondoka mlangoni. Alimzika mama yake akiwa amesimama upande wa majirani, karibu na muuza mkaa. Ilipita wiki, ikapita miezi, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze. Mara mbili aliandika ujumbe mrefu kwenye simu, akaufuta. Tatizo ni kwamba aliona dada yake alisema kweli, na ukweli mtu huujibu nini? Sasa ilikuwa miaka mitatu.

Basi Jumanne moja Redio akaja nyuma ya plaiwudi na fomu mkononi. "Bamba la kaburi. Kile kibao cha mbao kimeoza, wanataka cha chuma. Picha nimeshakutumia. Mama mtu mzima hivi, sura ya upole. Mteja mwenyewe hana maneno mengi, lakini ukimwangalia unaona huyu anabeba vitu."

Bi Nukta alifungua picha kabla ya kusoma fomu. Alikuwa mama yake.

Amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, amevaa gauni la maua madogo, anatabasamu nusu. Picha ilikuwa ndogo, imepita simu tano au sita na kila simu imeila kidogo. Upande wa kulia wa mama ilikuwa imekatwa wima, kwa wembe wa kompyuta, na kutoka kwenye ule mkato ulitokea mkono wa mtu, peke yake, umelala begani kwa mama.

Akasoma fomu. Mwandiko aliujua kabla ya maneno: ile h yenye mkia mrefu, ambayo mwalimu wa darasa la pili alishindwa kuikata. Maneno ya kuchongwa: *Pumzika, Mama. Daima utakumbukwa na mwanao.* Na chini, kwenye maelekezo kwa fundi: *Toeni huo mkono begani.*

"Vipi, mbona umenyamaza?" Redio aliuliza. "Nukta tupu?"

"Ndiyo," alisema Bi Nukta. "Nukta tupu."

Mkono ule ulikuwa wake. Picha aliipiga dada mwenyewe, mwaka mmoja kabla ya mama kulala kitandani. Bi Nukta alikumbuka kila kitu. Dada alikuwa anarudi nyuma hatua kwa hatua na simu, akifunga jicho moja kama fundi mwashi, na mama akanong'ona bila kugeuza kichwa: "Mwanangu, weka mkono hapo begani. Mshono umefumuka. Dada yako akiona atanipeleka ndani nikabadili nguo, na mimi nimechoka." Akaweka mkono. Mama akauegemea. Dada akasema wasitikisike, akapiga. Ndiyo maana ya ule mkono, na duniani kote wa kuijua maana hiyo alibaki mmoja.

Angeweza kumwambia Redio ampe kazi mtu mwingine. Lakini hakukuwa na fundi mwingine pale, na kama angekuwepo asingempa. Angemwachia nani uso wa mama yake? Jambo lililomtia hofu ni jingine: dada akijua ni nani yuko nyuma ya plaiwudi, angechukua picha yake na kuondoka, na bamba lingechongwa mahali pengine, na huu uzi mmoja uliobaki ungekatika. Kwa hiyo akaamua kukaa kimya. Afanye kazi, kazi itoke, basi.

Akaiingiza picha kwenye programu ya kuchora, akabonyeza kile kitufe kinachofuatisha nukta na kuzigeuza mistari chenyewe. Wavivu hukipenda kitufe hicho. Kompyuta ikafikiri, ikatoa vipande mia tisa na kitu. Maua ya gauni yakawa madoa, jicho la kushoto likaungana na nyusi, na mkono na bega vikawa kitu kimoja, kama glovu iliyoanikwa. Mashine haijui mtu anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi. Akafuta vyote, akaanza kwa mkono, mstari baada ya mstari. Siku mbili nzima alimchora mama: mikunjo ya paji, tundu la pua, lile tabasamu nusu ambalo lilikuwa la mtu anayeficha gauni lililofumuka.

Kisha ukafika mkono. Aliuweka, nukta zake zilevile, kwenye tabaka lake peke yake, kama karatasi angavu juu ya mchoro, na badala ya kuufuta akalificha tabaka hilo. Hakujiuliza kwa nini. Chini yake sasa pakawa patupu, na patupu hapachongeki, lazima achore bega. Akalichora, na mshono akaupitisha mzima, kutoka shingoni mpaka kwenye mkono wa gauni, tundu kwa tundu. Alikuwa ameahidi siku ile kwamba ataushona. Machozi yalimtoka, akayafuta na kile kitambaa cha kufutia kioo cha kompyuta.

Ijumaa dada alikuja kuangalia sampuli. Bi Nukta alisikia benchi likilia, kisha sauti ile. Ilikuwa imezidi kuwa nzito kidogo. Kati yao kulikuwa na plaiwudi ya unene wa kidole.

"Haya mama, karibu, picha yako hii hapa," Redio alianza. "Fundi wetu kamtoa kama yu hai, angalia hata hapa kwenye..."

Redio alijikatiza mwenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Mbona Mama ameinama?" dada aliuliza.

"Ameinama?"

"Angalia. Amelalia upande mmoja. Anaegemea nini?"

Bi Nukta, kule nyuma, aliliona hilo kwenye kompyuta yake wakati huohuo, na akashangaa ilimpitaje. Siku mbili alimchora mama kipande kwa kipande, hakumtazama mzima. Bega lilikuwa limeshuka, shingo imefuata, kichwa kimelala kidogo kulia. Mama alikuwa ameegemea mkono usiokuwepo. Alionekana kama mtu anayeanguka taratibu na hakuna anayemshika.

"Fundi anaweza kumnyoosha," alisema Redio. "Yule kwa kunyoosha ni hatari, aliwahi kumnyoosha mheshimiwa mmoja tai na shingo kwa pamoja."

"Hapana, msimnyooshe. Mama hakuwa mtu wa kukaa kama askari." Kidole kiligonga karatasi. "Rudisheni mkono."

"Ule wa kwenye picha? Ule ulikuwa hauonekani vizuri, nadhani fundi..."

"Basi wekeni mkono wowote. Mkono wowote tu, mradi asianguke."

Benchi likalia tena, mlango ukafungwa. Redio alikuja nyuma, akamkuta Bi Nukta ameshika kipanya na hakisogei. "Umesikia? Mkono wowote. Kazi rahisi hiyo, si tuna mikono kibao kwenye zile picha za tayari?"

Walikuwa nayo, kweli. Duka lilikuwa na hazina ya michoro ya tayari iliyonunuliwa zamani pamoja na kompyuta: njiwa, mishumaa, waridi, mizani, mikono. Bi Nukta kwanza alilifunua lile tabaka alilolificha, akakuta nukta tupu zisizofuatika, kisha akafungua fungu la mikono. Mikono ya kusalimiana. Mikono ya kuomba. Mkono wa kuonyesha njia ya choo. Mkono wa dole gumba. Hatimaye akapata uliolala wazi, akauingiza kwenye mchoro, akaukuta ni wa kulia, akaugeuza kama kwenye kioo, akaupunguza, akauweka begani kwa mama. Ulikuwa mnene, una mkono wa shati na kifungo, kama wa polisi. Mama akaonekana amekamatwa.

Akajaribu mwingine, wa mwanamke, una kucha ndefu na pete tatu. Mama hakuwa na rafiki wa namna hiyo. Akajaribu wa mtoto, akaona haya. Kufika jioni alikuwa ameweka na kutoa mikono kumi na minne begani kwa mama yake, ya watu wasiomjua, na kila uliogusa pale yeye aliona wivu. Ndiyo, wivu, kwa michoro. Akazima kompyuta.

Jumapili alasiri, chumbani kwake, alitoa mkoba kwenye kiti cha pili. Jua lilikuwa linaingia vizuri dirishani. Akakiweka kiti pale penye mwanga, akasimama kuliani kwake, akalaza mkono wa kushoto juu ya egemeo, na kwa mkono wa kulia akajipiga picha ule mkono. Ya kwanza ilitikisika. Ya pili ilikuwa ngumu, vidole vimekakamaa, kwa kuwa kiti hakiegemei. Akasimama tu bila kupiga, muda mrefu, mkono begani kwa kiti, mpaka vidole vikasahau kwamba vinapigwa picha. "Weka hapo mwanangu," akasema kwa sauti, na sauti yenyewe ikamtisha kwa jinsi ilivyofanana. Ndipo akapiga.

Jumatatu aliichora. Hakubonyeza kitufe, alifuata ukingo wa kila kidole mwenyewe, na kazi ilikwenda haraka kwa sababu ule mkono aliujua. Alipomaliza akauweka begani. Mama akatulia. Hakuwa ameinama tena, alikuwa ameegemea.

Hapo ndipo alipoona alichofanya. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda.

Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda kwenda nje tangu akiwa na miaka sita, siku dada yake alipoukimbilia mlango wa jikoni kwa mchezo na kuubamiza kabla mdogo wake hajatoa mkono. Mama alikifunga kwa penseli na kitambaa. Dada alilia kumzidi mwenye kidole, na mwezi mzima alimbebea daftari zake. Kwenye picha ya simu hakikuonekana. Pale palikuwa na nukta sita za kahawia, hakuna jicho la binadamu ambalo lingejua kama ni kidole kilichonyooka, kilichopinda, au kivuli. Fundi mgeni angekichora kimenyooka. Kukichora kimepinda, lazima uwe nacho.

Lilikuwa kosa la kazi, na kulirekebisha ni kuvuta ncha moja ya mstari. Akaivuta. Kidole kikanyooka, kizuri, cha mtu yeyote. Mkono wowote, alisema mteja. Akautazama. Kisha akabonyeza kile kitufe cha kurudi nyuma, kidole kikapinda tena, akauchapa mchoro kwenye karatasi haraka kabla ujasiri haujapoa, akampelekea Redio.

"Mwambie aje."

Dada alikuja Jumatano. Bi Nukta alikuwa amekaa amepakata mikono. Alimsikia Redio akimkaribisha, akasikia karatasi ikiwekwa kwenye kaunta. Kisha hakusikia kitu.

Redio alijaribu neno moja kuhusu mvua, likafa. Nje gari lilipiga honi, likapita. Bi Nukta aligundua kwamba mkono wake wa kulia umekifunika kidole cha mkono wa kushoto, kama mtoto aliyeiba sukari.

"Nani kachora huu mkono?" dada aliuliza.

"Fundi wetu, Bi Nukta."

"Ndilo jina lake?"

"La kazini hilo. Yuko hapo nyuma, nikuitie? Ila hapendi wateja, usimchukulie vibaya, ndivyo alivyo, mtu wa peke yake."

"Ni wa peke yake?"

"Peke yake kabisa, mama. Hata simu yake haijawahi kulia hapa. Sisi tukisema ndugu hivi, ndugu vile, yeye anaangalia kompyuta."

Bi Nukta alisimama, akakaa. Miguu ilikuwa inataka kwenda, na yeye hakujua inataka upande gani, wa mlangoni au wa chooni.

"Nipe kalamu," dada alisema. Kalamu ilikwaruza karatasi mara moja, kwa kifupi. "Msimwite. Mpe hii tu." Benchi halikulia, maana hakuwa amekaa. Mlango ukafunguka, ukafungwa.

Redio aliingia ameshika sampuli, amekunja uso. "Hawa wateja! Picha kaipitisha, mkono kaupitisha, kila kitu sawa. Kumbe shida yake ni herufi. Nimemwambia, mama, hapo hakuna kosa, hilo neno nimelisoma mwenyewe, liko sahihi. Kasema hapana, ifutwe. Herufi moja! Watu bwana, wengine wanatafuta kosa mradi wasiondoke bila kuacha alama."

Aliiweka karatasi juu ya meza. Kwenye mstari wa maneno, kwenye *mwanao*, herufi ya kwanza ilikuwa imezungushiwa duara la wino, na pembeni imeandikwa kwa h yenye mkia: *Toeni hiyo m.*

Bi Nukta alitoka mbio. Alipita kaunta, akagonga benchi na goti, akafungua mlango. Barabara ilikuwa na watu wake wa mchana: mshona viatu, watoto wa shule, mwanamke mwenye ndoo. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Kule mbali, kwenye kona ya duka la vipuri, aliona mgongo uliovaa kijani na mkono ukipitishwa usoni, na hakuwa na hakika, na kabla hajafungua mdomo kona ikaumeza. Akasimama pale mpaka mshona viatu akamuuliza kama amepotelewa na kitu.

Akarudi, akakaa. Akaweka mshale mbele ya neno, akafuta herufi. Mstari ukavutika upande mmoja, kwa kuwa ukitoa herufi moja maneno yote yanahama, akausogeza mpaka ukakaa katikati. Akajaribu kuusoma, hakuweza, macho yalikuwa yamejaa.

"Redio," aliita. "Njoo unisomee."

Redio akaja, akaegemea kiti, akasafisha koo kama kawaida yake. "Pumzika, Mama. Daima utakumbukwa na wanao." Akageuka. "Wangapi?"

"Wawili," alisema Bi Nukta. "Yeye na mimi."